Daftari la maafa la kata yetu: shajara ya mradi, Oktoba 2024 hadi Januari 2025

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Leo tumeanza. Tulikutana watu tisa kwenye ofisi ya kata: mtendaji wa kata, watendaji wawili wa vijiji, muuguzi wa zahanati, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, afisa ugani, kiongozi wa mgambo, kijana wa Msalaba Mwekundu, na mimi ninayefundisha jiografia sekondari ya kata.

Mtendaji alifungua kabati akatoa orodha ya vifaa vya maafa iliyoandikwa miaka sita iliyopita. Ukurasa mmoja wa daftari la mistari: trekta 1, kamba, tochi 4, mahema, vijana wenye nguvu. Basi. Trekta ni la nani, hakuna. Kamba ya urefu gani na inakaa wapi, hakuna. Tulipoulizana tukagundua trekta lilishauzwa na mwenyewe kahamia Kibaigwa, mahema hayajaonwa na yeyote kati yetu, na wale vijana wenye nguvu wengi wako Dar es Salaam wanatafuta maisha.

Naandika sababu ya mradi huu ili atakayenirithi shajara hii asianze kuuliza. Kata yetu iko wilaya ya Mpwapwa, katika bonde la Kinyasungwe, mto unaopita Gulwe na kugeuka kuwa Mkondoa kabla ya kufika Kilosa. Sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Akina mama wanachimba visima humo, punda wanavuka na madumu, watoto wanacheza mpira. Kisha mvua inanyesha huko juu, kwetu nyota zinaonekana, na maji yanafika usiku yakiwa yameng'oa miti. Mwisho wa 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliyopiga Kilosa na Mpwapwa yalizoa hata tuta la Reli ya Kati. Na wazee wa huku hawajasahau tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda kuelekea Igandu iliporudi nyuma bila breki mpaka ikagonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281.

Kamati tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji. Kwa wilaya mwenyekiti ni Mkuu wa Wilaya, na ile ya kata yetu ina wajumbe walioandikwa vizuri kwa mhuri. Tunachokosa ni jibu la swali moja: maji yakiingia saa nane usiku, nani ananyanyuka, anabeba nini, anampigia nani? Gari la Zimamoto linaitwa kwa 114, na tutaliita. Lakini mpaka lifike kwenye barabara yetu ya udongo siku ya mvua, waliopo ni majirani. Hizo saa za mwanzo ndizo ninazotaka tuziandae kabla ya kifuku, msimu wa mvua, kuanza.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku nzima kwa miguu. Vitongoji vitatu kati ya vitano. Watu wengi walikuwa kwenye vituo vya kujiandikisha kupiga kura ya serikali za mitaa, jambo ambalo lilinisaidia: niliwakuta pamoja.

Trekta lipo jingine, la mzee anayelima alizeti upande wa magharibi. Nilimwamkia, akaniitikia, akanipa kigoda, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Mwalimu, trekta nitatoa. Hata usiku. Ila dizeli nani anaweka? Na likizama mchangani nani ananivuta?"

Orodha ya zamani isingeweza kumjibu, kwa sababu ilihesabu trekta bila kumhesabu mwenye trekta. Nimeandika maswali yake kama alivyoyasema. Mtendaji wa kijiji ameahidi kulipeleka suala la dizeli kwenye halmashauri ya kijiji: lita 20 ziwekwe kwenye dumu kwa mwenye trekta mwenyewe tangu Desemba, zikitumika zinarudishwa. Kuhusu kuzama, mzee mwenyewe alinieleza ni sehemu zipi za korongo zinabeba na zipi hazibebi. Nimezichora.

Tulichokipata mpaka sasa: trekta 1 lenye tela, kirikuu 2, bodaboda 14, mikokoteni ya punda 9, boza la maji 1 (pampu yake mbovu), jenereta 2, spika ya msikiti, na rimu ya lori inayogongwa kama kengele kanisani. Machela hakuna hata moja. Fundi seremala amesema atatengeneza mbili kwa mbao na turubai, tulete misumari.

Kila kitu nimekiandika kwa namna niliyojifunza kwenye mafunzo ya Msalaba Mwekundu nikiwa chuoni. Mwaka 1970 mioto mikubwa ya nyika iliwaka California. Vikosi vingi vilifika kuzima, kila kimoja na masafa yake ya redio, vyeo vyake na majina yake ya vifaa, wakawa hawaelewani. Baadaye wakatengeneza mfumo mmoja wa kuendesha tukio, na leo unatumika nchi nyingi. Ndani yake kila rasilimali inaandikwa kwa aina na kwa uwezo wake, halafu inapewa hali moja kati ya tatu: iko tayari, iko kazini, haifanyi kazi. Kwa hiyo boza letu limeingia daftarini kama halifanyi kazi. Mwenyewe alinuna kidogo. Nilimweleza kwamba mtu atakayelitegemea usiku akakuta pampu haivuti atakuwa na hali mbaya kuliko asiyelitegemea kabisa. Amesema atatafuta sili ya pampu Dodoma mjini.

Jumamosi, 26 Oktoba

Majukumu. Kikao cha saa nne.

Mvutano mkubwa ulikuwa nani awe mkuu wa tukio. Wengine walisema diwani kwa sababu ndiye anayeheshimika, wengine mwenyekiti wa kijiji, wengine kijana wa Msalaba Mwekundu kwa sababu amesomea. Muuguzi alikuwa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Kati ya hao, nani analala hapa kijijini kila siku?" Hapo mjadala ukageuka. Mkuu wa tukio ni mtendaji wa kijiji ambako tukio limetokea, na asipokuwepo anashika kiongozi wa mgambo. Diwani atakuwa mtu wa kuzungumza na wilaya na kutafuta msaada wa nje. Alikubali bila shida, na ndiyo kazi anayoiweza.

Chini ya mkuu wa tukio kuna makundi matano: taarifa, uokoaji, huduma ya kwanza, usafiri na vifaa, makazi na chakula. Tano si kwa bahati. Mfumo ule wa California unasema mtu mmoja asimamie moja kwa moja watu kati ya watatu na saba, na watano ndio wanaofaa zaidi. Nimewahi kuona msiba ambao watu thelathini wanamuuliza mtu mmoja chumvi iko wapi. Kwenye mafuriko hali hiyo inaua.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mama wa makamo anayetembea na mkoba wake wa bluu, alitoa kitu ambacho kwangu ndicho kizito kuliko vyote vya leo. Kwenye rejista yake ana kila kaya: mjamzito yuko wapi na ana miezi mingapi, nani haoni, nani hatembei, mtoto gani ana kifafa. Tumemweka kundi la uokoaji. Wajumbe wawili walishangaa kwa nini mama wa umri wake awe kundi la kamba na machela. Kazi yake si kushika kamba. Kazi yake ni kuwaambia wanaoshika kamba waanze mlango upi.

Kwa wajawazito tayari kuna njia inayofanya kazi: namba 115 ya m-mama, ambayo humtafuta dereva wa karibu aliyesajiliwa iwapo gari la wagonjwa liko mbali. Mmoja wa wenye kirikuu amesajiliwa huko. Nimemuuliza ilivyo, akasema kinachomfanya atoke usiku ni kwamba anajua malipo yake yapo na anajua anampeleka mgonjwa wapi. Nimeyanakili maneno yake pembeni mwa ukurasa wa trekta.

Jumamosi, 9 Novemba

Shule ya msingi, na mkanda wa futi. Nilikuja na wanafunzi wangu wanne wa kidato cha tatu.

Siku zote watu husema "tutawapeleka shuleni" kana kwamba shule haijai. Darasa moja lina mita 7 kwa 9, yaani mita za mraba 63. Viwango vya Sphere, vinavyotumika kwenye misaada ya kibinadamu duniani, vinataka angalau mita za mraba 3.5 kwa kila mtu pa kulala. Darasa moja ni watu 18. Mwalimu mkuu alidhani linachukua kaya kumi. Matundu ya choo yanayofaa ni sita, na kiwango ni tundu moja kwa watu 20, kwa hiyo choo kitatosha watu 120 hata kama madarasa yangetosha zaidi.

Maji: lita 15 kwa mtu kwa siku. Watu mia moja ni lita 1,500, madumu 75. Mkokoteni wa punda unabeba madumu manane, basi ni safari kumi kila siku kutoka kwenye kisima cha pampu, mradi njia haijakatika. Wanafunzi walipiga hesabu hizo wenyewe kwenye ubao na hawakutaka kuondoka. Mmoja aliuliza punda nao watakula nini siku hizo. Sikuwa nimefikiria. Pumba zimeongezwa kwenye orodha.

Jioni tulipaka rangi mkuyu ulio kwenye kingo za korongo, kitongoji cha juu: mstari mweupe magotini, wa njano kiunoni, mwekundu kifuani. Balozi wa nyumba kumi anayekaa karibu anaupiga tochi kila mvua ikinyesha. Mstari mweupe, anapiga simu. Wa njano, rimu inagongwa na watu wa mabondeni wanahama bila kungoja. Mtandao ukikatika, bodaboda aliye zamu anashuka na ujumbe ulioandikwa, si wa mdomo.

Jumamosi, 30 Novemba

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa Jumatano, tarehe 27. Wenyeviti wawili wa vitongoji vyetu ni wapya. Mmoja wa waliotoka ndiye aliyekuwa kiongozi wa kundi la makazi.

Nimefuta majina yote kwenye safu ya majukumu nikaandika kiti: mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji, muuguzi wa zamu. Jina na simu vinakaa kwenye karatasi ya pili inayobandikwa, inabadilishwa kila mwezi. Na kila kiti kina msaidizi anayejua kazi ile ile. Mwenyekiti aliyetoka amekubali kubaki msaidizi wa aliyemshinda. Nilimshukuru mbele ya kikao, na ninamshukuru tena hapa.

Jumamosi, 14 Desemba

Zoezi la kwanza. Wanafunzi ishirini walijigawa kuwa majeruhi, wamekaa kando ya korongo kavu, kila mmoja na karatasi ya dalili kifuani. Muuguzi alifundisha njia ya kupanga majeruhi iliyobuniwa Newport Beach, California, miaka ya 1980. Anayeweza kutembea anaitwa aje kwa miguu yake, huyo ni kijani. Waliobaki: hapumui hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa, mweusi. Anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, mwekundu. Ukibonyeza ukucha na damu ikachukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, mwekundu. Hafuati agizo rahisi kama "nikamate mkono," mwekundu. Wengine ni njano. Dakika moja kwa kila mtu, unafunga kitambaa, unaondoka. Vitambaa tulikata kutoka kwenye khanga kuukuu.

Matokeo hayakuwa mazuri na ninayaandika yote. Watu sita walimkimbilia msichana aliyepiga kelele sana, na karatasi yake ilisema mkono umevunjika, kijani. Mvulana aliyelala kimya nyuma ya kichaka, mwekundu, alifikiwa dakika ya 41. Kijana wa uokoaji aliyempita mara mbili alilia tulipomwonyesha. Ana umri wa miaka 22. Muuguzi alimkalisha pembeni akamweleza kwamba kila anayejifunza kazi hii hukimbilia sauti kwanza, na kwamba sasa masikio yake yamejua. Tulirudia. Mara ya pili wa mwisho alifikiwa dakika ya 16.

Pia tumekubaliana kanuni ya maji, na hii haina mjadala: maji yanayokimbia ya kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, ya 30 yanabeba gari dogo. Hakuna anayeingia bila kamba na bila watu watatu kuishika nyuma yake, ukingoni.

Kamba mpya ya manila, mita 50, imenunuliwa kwa mchango. Iko ofisini kabatini.

Jumamosi, 11 Januari 2025

Yametokea. Usiku wa kuamkia Alhamisi.

Kwetu ilikuwa manyunyu tu. Saa 8:20 usiku balozi wa kitongoji cha juu alimpigia mtendaji: mstari mweupe. Saa 8:35 akapiga tena: wa njano. Rimu ikagongwa. Nilitoka na koti la mvua nikasikia kengele ile kwenye giza, na watu wakiitana majina kutoka nyumba hadi nyumba.

Kaya tano za mabondeni zilitoka kwa miguu kwa sababu ziliambiwa mapema. Ya sita haikutoka. Mhudumu wa afya alikuwa ameshasema kabla yeyote hajamuuliza: "Bibi yuko na wajukuu wawili, hatembei tangu Oktoba." Tulipofika maji yalikuwa yameizunguka nyumba upande mmoja, yakipita kwa kasi kwenye njia ya mifugo.

Kamba ilikuwa kabatini, kabati ndani ya ofisi, ofisi imefungwa, na mtunza ufunguo alikuwa msibani wilaya nyingine. Dakika 25 zilipotea mpaka kufuli likavunjwa kwa sururu. Dakika hizo 25 nilisimama nikiangalia taa ya kibatari kwenye dirisha la bibi. Vijana walitaka kuingia hivyo hivyo. Kiongozi wa mgambo aliwazuia kwa mwili wake, amenyoosha mikono, na alifanya vyema.

Trekta lilikuja na dizeli yake. Halikuvuka, mzee hakuthubutu kuliingiza mchangani na alikuwa na haki. Alilisimamisha ukingoni, taa zote zikielekea kwenye nyumba, na mwanga ule ndio tuliofanyia kazi. Kamba ilifungwa kwenye trekta. Waliingia wawili, mmoja ni yule kijana wa zoezi la Desemba. Watoto walitoka mgongoni, bibi kwenye machela ya fundi seremala. Saa 10 kasorobo wote watatu walikuwa nchi kavu. Bibi alikuwa anatetemeka na anaomba msamaha kwa usumbufu. Mhudumu wa afya alimfunika akamwambia, "Nyamaza mama, tumekuja kwako, hatujaenda kwa mtu baki."

Shuleni walilala watu 23, madarasa mawili. Chai na uji wa mtama saa 12 asubuhi. Hakuna aliyekufa. Mbuzi 11 wamechukuliwa na maji, na magunia manne ya mahindi yamelowa.

Kuhusu hayo mahindi: wenyewe walitaka kuyaanika na kuyala. Afisa ugani alikaa nao karibu saa nzima. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa hapa kanda ya kati, mikoa ya Dodoma na Manyara, kutokana na mahindi yaliyoota ukungu, na sumu hiyo haitoki kwa kupika. Magunia mawili yaliyolowa tabaka la juu tu yamechambuliwa na kuanikwa juu ya turubai. Mawili yamefukiwa. Kaya jirani zimechangia debe moja moja mpaka pengo limezibwa kwa sehemu. Kwenye daftari, kundi la makazi na chakula sasa lina kiti cha afisa ugani, ambacho Oktoba hatukukifikiria.

Jumamosi, 18 Januari

Kikao cha tathmini. Kila aliyekuwepo usiku ule alizungumza, kuanzia wadogo, ili wasisubiri wakubwa waseme kwanza. Tulizungumzia ufunguo kwa muda mrefu kuliko jambo jingine lolote. Hatukumlaumu aliyekwenda msibani, kuzika ni wajibu wa kila mmoja. Kosa lilikuwa letu sote tuliokubali kamba ikae nyuma ya kufuli moja, na mimi ndiye niliyeandika "kabatini" kwa mkono wangu nikaona inatosha.

Mabadiliko: vifaa vya uokoaji havikai tena ofisini. Vinakaa kwenye nyumba mbili, pande mbili za korongo, kwa watu wanaolala hapo. Mtunza kifaa akisafiri hata usiku mmoja, anakikabidhi na kutuma ujumbe. Kamba ya pili inahitajika kwa upande wa mashariki, taarifa imekwenda wilayani pamoja na ombi la maboya ya kuokolea. Kwa sasa tunatumia madumu matupu ya lita 20 yaliyofungwa vizuri. Balozi wa mkuyu ameomba mwenzake wa kupokezana, kwani tangu Desemba hajalala usiku wowote wa mvua. Amepewa wawili.

Bibi amehamia kwa mwanawe, sehemu ya juu. Mhudumu wa afya amebadilisha ukurasa wake.

Pampu ya boza imepata sili. Tumeijaribu mbele ya watu, ikavuta. Hali: iko tayari.

Kamba ya manila, mita 50: imeoshwa mchanga, imekaushwa kivulini siku tatu, imekaguliwa, mita mbili za mwisho zilizochubuka zimekatwa. Sasa ni mita 48. Mtunzaji: mwenye trekta. Msaidizi: mkewe. Mlango haufungwi kwa kufuli.